Kuamka Alfajiri na Kuwa Macho Kweli

Somo la robo hii kwa kamati za parokia, vikundi vya kazi na marafiki wanaotuunga mkono



Katika matoleo yaliyopita tulizungumza nanyi juu ya visima, mbegu, mikopo ya vikundi na afya ya mama na mtoto. Safari hii tumechagua jambo linaloonekana dogo, ambalo kila mmoja wetu hukutana nalo kila siku kabla jua halijachomoza. Ni ule uzito wa asubuhi: mtu ameamka, ameketi kitandani, miguu iko chini, lakini kichwa bado kimelala. Kazi zetu nyingi huanza alfajiri. Wapo wanaoteka maji, wanaokamua ng'ombe, wanaowahi gari la sokoni, wanaofungua kanisa kwa Misa ya kwanza, na watoto wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule. Wote hawa tunawataka wawe wepesi tangu dakika ya kwanza. Je, inawezekana? Na isipowezekana, nani wa kulaumiwa?

Tunaandika somo hili kwa sababu tulimlaumu mtu asiyestahili.

Kosa letu

Katika kigango kimoja tunachofanya nacho kazi, tulianzisha pamoja na wazazi mpango wa uji shuleni. Tulikubaliana uji uwe tayari saa 1 asubuhi, watoto wanywe kabla ya kuingia darasani. Mama mmoja alichaguliwa kuwa mpishi. Ili uji uive kwa wakati, ilimpasa aamke saa 10 alfajiri na moto uwake saa 11.

Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha zikaanza kasoro. Siku moja uji uliungua, siku nyingine sukari iliwekwa mara mbili, na siku nyingine ufunguo wa stoo ulisahaulika mlangoni. Mwishowe, asubuhi moja akiwa peke yake jikoni kwa mwanga wa kibatari, aliinua sufuria kabla ya kushika vizuri, na uji wa moto ukamwagikia mkono wake. Kamati ilikaa. Katika muhtasari wa kikao iliandikwa kwamba ajali ilitokana na "uzembe wa mpishi". Sisi wa ofisini tulikuwepo, tukatia sahihi.

Wiki iliyofuata tulikwenda kumjulia hali nyumbani. Tulikuta mama mkwe wake amelala chumba cha pili, mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Mpishi wetu humgeuza na kumnywesha maji kila usiku kabla ya kulala, na mara nyingi kichwa chake hugusa mto saa 6 usiku. Saa 10 huamka. Tulipomuuliza kwa upole asubuhi zake zikoje, alijibu, "Wanangu, si kwamba sipendi kazi. Nikiamka, miguu huamka kwanza, kichwa hufuata baadaye."

Tulirudi kimya. Yale aliyotuambia kwa maneno machache, wataalamu wa usingizi wameyaeleza kwa maneno mengi. Tukaona ni vema tujifunze, kisha tuwashirikishe nanyi.

Mang'amung'amu ya usingizi ni nini?

Wazee wetu wana neno zuri: mang'amung'amu. Ni ile hali ya kuwa nusu macho nusu usingizini. Ubongo hauamki wote kwa mara moja kama taa inavyowaka ukibonyeza swichi. Sehemu zinazoendesha pumzi, mwendo na kusikia huwahi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima, hukumbuka na kuamua, huchelewa. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea hadi jikoni akiwa bado hajui vizuri anafanya nini.

Kwa watu wengi hali hii hudumu kati ya dakika 15 na saa moja, na nusu saa ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Kwa mtu mwenye upungufu wa usingizi inaweza kwenda mbali kuliko hapo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kushika ni hili: uzito wa asubuhi si dhambi, wala si dalili ya uvivu. Ni njia ya kawaida ya mwili kutoka usingizini. Kinachotofautiana ni ukubwa wake na urefu wake, na hapo ndipo tunaweza kufanya kitu.

Hata watu waliofunzwa sana hawakwepi hali hii. Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya abiria kutoka Dubai ilipita mwisho wa uwanja wa Mangalore nchini India, uwanja uliojengwa juu ya kilima, ikatumbukia bondeni. Kati ya watu 166 waliokuwamo, 158 walikufa. Uchunguzi wa serikali ya India ulieleza kwamba rubani mkuu hakuacha kutua ingawa ndege haikuwa imejipanga sawasawa, na msaidizi wake alimwambia apande tena. Ulitaja pia kwamba rubani huyo alikuwa amelala kwa muda mrefu njiani, na kwamba muda mfupi kati ya kuamka na kutua huenda ulidhoofisha maamuzi yake. Alikuwa mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Ikiwa rubani anaweza kupatwa na hayo, tusishangae yakimpata mpishi, dereva au mtunza hazina.

Mambo matatu yanayoongeza uzito

La kwanza ni deni la usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Tunapokuwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, nayo ndiyo hutufanya tusikie usingizi. Tukilala hupungua. Aliyelala saa 4 huamka akiwa na mabaki yake mengi, kama mtu anayeanza mwezi na deni la mwezi uliopita. Deni hili hukua usiku kwa usiku, na kulala sana Jumapili moja hakulilipi lote.

La pili ni kuamshwa katikati ya usingizi mzito. Usingizi wetu huenda kwa mizunguko ya takribani dakika 90 kila mmoja. Ndani ya mzunguko tunashuka katika usingizi mzito, kisha tunapanda tena katika usingizi mwepesi na wa ndoto. Usingizi mzito uko mwingi zaidi mwanzoni mwa usiku. Aliyelala saa 6 na kuamshwa saa 9 ana nafasi kubwa ya kung'olewa kutoka kilindini, na huyo ndiye huamka hajui yuko wapi.

La tatu ni saa ya ndani ya mwili. Tangu mwaka 1729 mwanasayansi wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka mmea wa jamii ya kifauongo gizani, akaona majani yake yaliendelea kufunguka mchana na kujifunga usiku ingawa hayakuona jua. Viumbe hai vina saa yao. Mwaka 2017 Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli, jambo walilolichunguza kwa nzi wadogo wa matunda. Kwa binadamu, saa kuu iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili inapokutana. Ndiyo maana mwanga unaoingia machoni huirekebisha. Saa hii hushusha joto la mwili usiku, na kwa watu wengi joto hufika chini kabisa kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri. Anayeamka wakati huo anaamka mwili ukiwa bado unasema ni usiku wa manane.

Mpishi wetu alikuwa na yote matatu kwa pamoja.

Asubuhi huanza jioni

Wafanyabiashara husema, "Biashara asubuhi, jioni mahesabu." Kwa usingizi ni kinyume: hesabu ifanywe jioni. Anayetaka kuamka saa 11 alfajiri akiwa mwepesi ahesabu nyuma saa 7 na nusu. Basi ajilaze saa 3 na nusu usiku. Kama haiwezekani, ajue mapema kwamba kesho atakuwa na deni, asijipangie kazi ya hatari mapema.

Yafuatayo tumeyaona yanasaidia katika nyumba za kawaida:

1. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata Jumamosi. Mwili ukizoea, huanza kujiandaa wenyewe kabla ya kengele. Saa ya kuamka isiyobadilika hurekebisha saa ya kulala polepole.

2. Kazi za asubuhi zifanywe jioni kadiri inavyowezekana. Maji yatekwe, kuni zipasuliwe, sare za watoto ziwekwe pamoja, ufunguo utundikwe pale pale kila siku. Kichwa kisichoamka hakitafuti ufunguo vizuri.

3. Mwanga upunguzwe saa moja kabla ya kulala. Usiku mwili hutoa homoni ya melatonini inayoutangazia mwili kwamba ni usiku. Taa kali na simu iliyoshikwa karibu na uso huichelewesha. Simu ilale mbali na mto, na hiyo pia itamlazimisha mtu ainuke kuizima kengele.

4. Pombe isitumiwe kama dawa ya usingizi. Ni kweli humlaza mtu haraka, lakini hukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Wengi wanaosema "nililala fofofo" baada ya pombe huamka wamechoka.

5. Mahali pa kulala pawe pa giza, penye hewa na kimya. Chandarua chenye dawa ni kinga ya malaria, na pia huondoa mlio wa mbu unaomwamsha mtu mara kumi usiku bila yeye kukumbuka.

Nusu saa ya kwanza

Tukiisha kuamka, tufanye nini ili kichwa kiwafuate miguu upesi? Tumeweka hatua katika mpangilio unaowezekana kijijini na mjini.

Inuka kengele inapolia mara ya kwanza. Anayeahirisha kengele mara tatu hapati usingizi wa maana. Hupata vipande vifupi vinavyokatizwa. Kama unajua utaamka saa 11 na robo, tega kengele saa 11 na robo na ulale hadi hapo.

Tafuta mwanga. Hii ndiyo dawa kuu. Fungua dirisha, washa taa uliyo nayo, na jua likitokeza toka nje. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje huzidi mara nyingi ule wa taa ya ndani. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumejaliwa jambo moja: jua letu huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Watu wa Ulaya ya kaskazini hupita miezi wakienda kazini gizani. Dakika 10 hadi 20 nje asubuhi huifundisha pia saa ya mwili, na usiku unaofuata usingizi huja mapema zaidi.

Nawa uso kwa maji ya baridi. Husaidia, lakini kwa muda mfupi. Tusilitegemee peke yake.

Kunywa maji bilauri moja. Mwili umekaa usiku mzima bila kunywa.

Tembea. Fagia uwanja, chota maji, nyoosha mikono na mgongo. Mwendo hupandisha joto la mwili na mapigo ya moyo, na hivyo husaidia kuondoa uzito. Mwili wenyewe nao unasaidia: homoni ya kotisoli hupanda katika nusu saa hivi baada ya kuamka na kuuandaa mwili kwa kazi za siku.

Anza na kazi isiyo na hatari. Kutandika kitanda, sala ya asubuhi, kufagia, kuwapa kuku pumba. Visu, moto mkubwa, pikipiki, dawa za mgonjwa na hesabu za fedha vingoje nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Haraka haraka haina baraka, na alfajiri haina baraka kabisa.

Chai na kahawa

Wasomaji watauliza juu ya kahawa, hasa wale wanaoilima. Kafeini iliyomo katika kahawa na majani ya chai huziba mahali ambapo adenosini hushika katika ubongo. Kwa hiyo haiondoi uchovu. Inauficha kwa muda. Huanza kufanya kazi vizuri baada ya dakika 20 hadi 30. Kikombe kimoja cha asubuhi hakina ubaya kwa mtu mzima mwenye afya. Kasoro huja jioni, kwa kuwa baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Anayekunywa kahawa saa 11 jioni anaweza kukuta nusu yake ingali ikimkesha saa 4 usiku. Ushauri wetu ni kuacha kahawa na chai nzito baada ya saa 8 mchana. Maji ya tangawizi yasiyo na majani ya chai hayana kafeini, na hufaa jioni.

Vijana wa bodaboda tumewaona wakitegemea vinywaji vya kuongeza nguvu. Tunawaomba wakumbuke kwamba deni la usingizi hulipwa kwa usingizi tu. Kinywaji hukopa kwa riba.

Kwa walio barabarani

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walitoa matokeo yanayotisha. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya makosa sawa na mtu mwenye kilevi cha nusu gramu katika kila lita ya damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Saa 17 si nyingi. Aliyeamka saa 11 alfajiri amezifikisha saa 4 usiku.

Dereva aliyechoka hupatwa na vijisinzia vya sekunde chache ambavyo hata hajui vimempata. Gari lenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 20 kila sekunde. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakutoshi. Linalofaa ni kusimama mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough nchini Uingereza walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba dereva akinywa kahawa kisha akalala muda huo mfupi, hupunguza makosa, kwa kuwa kahawa huanza kazi wakati anaamka. Asizidishe nusu saa, asije akaamshwa kutoka usingizi mzito na kurudi kwenye usukani akiwa na mang'amung'amu. Na akiamka, angoje kidogo kabla ya kuwasha gari.

Hapa nasi tunakiri. Magari yetu yalikuwa na desturi ya kuondoka saa 10 alfajiri ili kuwahi semina, na dereva wetu alikuwa akilala kwenye kiti baada ya kuturudisha saa 5 usiku. Tuliita huko kujituma. Tangu tulipojifunza haya, hakuna safari ya ofisi inayoanza kabla ya saa 12 asubuhi, na dereva ana haki ya kukataa safari kama hakulala.

Watoto na vijana

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Tena katika ujana saa ya mwili husogea mbele: usingizi huchelewa kuja usiku, na huchelewa kuondoka asubuhi. Si ukaidi. Tuseme bweni linazima taa saa 4 na nusu usiku na kengele inalia saa 10 na nusu alfajiri kwa ajili ya kujisomea. Hizo ni saa 6. Mwanafunzi huyo atasinzia darasani, na usingizi aliopunguziwa ndio ambao ungemsaidia kuyashika yale aliyosoma jana, kwa sababu ubongo hupanga kumbukumbu wakati tumelala. Kamati zenye shule na hosteli zifanye hesabu hii kabla ya kushangilia ratiba ndefu.

Uzito usioondoka

Wapo wanaolala saa za kutosha na bado huamka wamechoka, mwezi baada ya mwezi. Hao wasiambiwe wajitahidi tu. Waende zahanati au kituo cha afya. Upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa tezi la shingo, malaria na huzuni ya muda mrefu huleta uchovu huo. Anayekoroma kwa nguvu na ambaye mwenzake humwona pumzi ikikatika usingizini anahitaji kupimwa, kwa kuwa ubongo wake huamshwa mara nyingi usiku ili apumue. Katika maeneo yenye mbung'o, anayesinzia mchana huku akiwa na homa za kurudi rudi na maumivu ya kichwa apimwe malale bila kuchelewa. Akina mama wenye upungufu wa damu wakumbuke pia kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Ni vizuri ingoje saa moja hivi baada ya kula.

Tulichokibadilisha

Turudi kwa mpishi wetu. Tuliitisha kikao kingine. Haikuwa rahisi. Baadhi ya wazazi walisema uji ukichelewa, watoto wanaotoka mbali watasikiliza masomo ya kwanza na njaa, na walikuwa na haki kusema hivyo. Wengine walisema mpishi mwingine atafutwe. Mzee mmoja akauliza, "Na huyo mwingine, yeye halali?" Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka.

Tulikubaliana mambo manne. Uji utolewe saa 3 asubuhi, katika mapumziko mafupi ambayo mwalimu mkuu alikubali kuyaweka. Wazazi wenye watoto wanaotoka mbali wajitahidi kuwapa chochote kabla ya safari, hata kiporo. Kuni na maji viletwe jikoni jioni kwa zamu za wazazi. Mama wa pili aajiriwe, wapokezane wiki kwa wiki, na jikoni iwekwe taa ya sola. Sasa moto huwashwa saa 12 na nusu, mwanga ukiwa umeingia, na mpishi huamka saa 11 na nusu badala ya saa 10. Saa moja na nusu hiyo haikununuliwa kwa fedha ya mfadhili. Ilikuwa imefichwa katika ratiba yetu.

Pia tulifungua kitabu cha mihtasari na kuandika chini ya maneno yale ya zamani kwamba kamati pamoja na ofisi zimeyaondoa, na kwamba chanzo cha ajali kilikuwa saa za kazi tulizozipanga wenyewe. Mwenyekiti alimpelekea mama huyo nakala nyumbani. Aliipokea, akaikunja, akasema amesikia. Kovu la mkono bado lipo. Mama mkwe bado anageuzwa usiku, na jumuiya yake sasa humpokea kazi hiyo siku mbili kwa wiki. Hatuwezi kusema tumemaliza. Tunaweza kusema anaamka na kichwa chake.

Neno kwa wafadhili na kamati

Marafiki wanaotuchangia mara nyingi hutuuliza ni vikombe vingapi vya uji vimetolewa na safari ngapi zimefanyika. Ni maswali ya haki na tutaendelea kuyajibu. Tunaomba mtuulize na hili: waliotoa vikombe hivyo walilala saa ngapi? Mradi unaoegemea uchovu wa mtu mmoja hauna msingi, hata kama taarifa yake inapendeza.

Na kwenu wanakamati, kabla ya kuandika neno "uvivu" au "uzembe" katika muhtasari, mtembeleeni mhusika nyumbani kwake jioni.

Maswali ya kujadili kikaoni

1. Katika shughuli za parokia yetu, nani huamka mapema kuliko wote? Tunajua analala saa ngapi?

2. Ni kazi ipi ya alfajiri inayoweza kufanywa jioni, au kusogezwa hadi jua litakapochomoza?

3. Ni kazi zipi zenye hatari, kama moto, dawa, fedha na vyombo vya usafiri, ambazo huanza ndani ya nusu saa baada ya mtu kuamka? Tutazipangaje upya?

4. Vijana wetu wa hosteli wana saa ngapi za kulala kwa ratiba ya sasa? Hesabuni pamoja nao.

5. Je, yupo mtu tuliyemlaumu zamani ambaye sasa tunapaswa kumwendea?

Tunaziomba kamati zitakazojadili somo hili zituandikie zilichoamua, hata kama ni badiliko la nusu saa tu, ili tuwashirikishe wengine katika toleo lijalo. Tunawatakia usiku mwema na asubuhi yenye mwanga.